Mkono Wako wa Kushoto Pia Umechorwa

Wasee, kaeni chini kidogo, leo stori ni refu.

Mwezi uliopita nilienda kuulizia kazi kwa duka moja la kuuza na kutengeneza simu. Sitataja duka wala mji. Kazi yenyewe naijua. Simu nimekuwa nikifungua tangu nikiwa kidato cha pili, na tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nyumba yangu hapa Murera inalipwa na hizo kazi ndogo ndogo pamoja na hizi video mnazotazama. Mwenye duka, mzee wa miaka hamsini hivi, aliniuliza maswali ya maana. Nikimjibu anatikisa kichwa kukubali. Hata nilipomwambia sikumaliza chuo hakushtuka. Kisha akanipa kalamu niandike namba. Nikanyoosha mkono, shati likapanda, tawi la kahawa likatokea.

Kwa wale wapya: kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko cha mkono, nina tatoo ya tawi la kahawa lenye buni saba. Guka yangu alichuma kahawa kwenye mashamba ya huku Ruiru karibu maisha yake yote. Ni hiyo tu. Si genge, si shetani, si mapenzi yaliyovunjika.

Macho ya mzee yakashuka pale, yakakaa, yakarudi. "Sawa kijana, tutakupigia." Mpaka leo.

Nilipomwambia mathe, hakuuliza lolote kuhusu huyo mzee. Aliuliza, "Kwani hukuvaa mikono mirefu?" Na hilo swali ndilo limenikosesha usingizi kuliko kazi yenyewe. Mathe ananijua. Anajua sijawahi kuiba hata sukari. Na bado, kwa kichwa chake, kosa lilikuwa la mkono wangu, halikuwa la macho ya yule mzee. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua hii kitu ilitoka wapi.

Tuanze mbali, kisha nitawarudisha Thika Road.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno la alama inayochomwa kwenye ngozi kwa sindano: stigma. Ndiyo, ni lile lile tunalosikia watu wakitumia wakiongea juu ya ukimwi na afya ya akili. Mwanzoni halikuwa neno la hisia. Lilikuwa wino. Mtumwa aliyetoroka akikamatwa alichorwa, mara nyingi kwenye paji la uso, ili akitoroka tena kila mtu amsome. Warumi wakaiga. Mwaka 316 mfalme Konstantino alikataza wahukumiwa kuchorwa usoni, akisema uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Lakini hakukataza kuchora kabisa. Mikono na miguu iliruhusiwa iendelee. Alichohurumia ni uso tu.

Japani walifanya vivyo hivyo. Karne ya 18 serikali yao ilikuwa inachora mistari mikononi mwa wezi kama sehemu ya adhabu. Sasa fikiria wewe ni kijana umechorwa mstari na serikali. Utafanya nini? Wengine walienda kwa fundi wakachorewa picha kubwa juu yake, mstari wa serikali ukapotelea kwenye joka au maua. Kwa hivyo mtu akiona picha kubwa anajiuliza, chini yake kuna nini? Mwaka 1872 serikali ikapiga tatoo marufuku kabisa, na marufuku hiyo ikadumu mpaka 1948. Hadi leo kuna bafu za umma huko ambazo ukiwa na tatoo huingii.

Angalia jinsi hii kitu inavyofanya kazi. Mwenye nguvu anamchora mnyonge kwa lazima. Watu wanazoea kwamba aliyechorwa ni mtumwa au mwizi. Kisha miaka mingi baadaye anakuja mtu aliyejichora kwa hiari yake, kwa sababu anampenda guka yake, na anasomwa kwa ile kamusi ya zamani. Hakuna anayekumbuka kamusi iliandikwa na nani.

Halafu akaja daktari mmoja Mwitaliano, Cesare Lombroso. Mwaka 1876 alitoa kitabu akidai kwamba wahalifu huzaliwa wahalifu, na unaweza kuwatambua kwa mwili: taya, masikio, na tatoo. Kwake tatoo ilikuwa ushahidi kwamba mtu amerudi nyuma, amebaki kwa hali ya ushenzi. Kosa lake hata mtoto wa darasa la sita analiona: alienda kutafuta tatoo gerezani, akazipata gerezani. Ukienda Gikomba kutafuta mitumba si utaiona mitumba? Sayansi yake ilishatupwa zamani. Lakini ile imani ilitoroka maabara ikaingia mtaani, na mtaani bado inaishi, tena bila kulipa kodi.

Sasa hii sehemu ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu kwa nyumba usiku wa manane.

Miaka mitano tu baada ya kile kitabu, mwaka 1881, mjukuu wa malkia wa Uingereza, kijana wa miaka kumi na sita, alifika Japani akiwa baharia kwenye meli ya kivita. Akachorwa joka mkononi. Wakati huo Mjapani mwenyewe haruhusiwi kuchorwa, lakini mgeni mwenye pesa, karibu. Baba yake naye alikuwa amechorwa msalaba Yerusalemu mwaka 1862. Huyo kijana alikuja kuwa Mfalme George wa Tano, aliyetawala kuanzia 1910 hadi 1936.

Umeelewa hiyo miaka? Huyo ndiye mfalme wetu wa kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika kwa ukali baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake, na karatasi hiyo akaibeba ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi kwenye shamba bila ruhusa, kipande kinakusema. Wazee waliifananisha na kengele ya mbuzi. Na hayo mashamba ni yapi? Ni haya. Kahawa ya Ruiru na Thika, mkonge wa kuelekea Juja na Makuyu. Harry Thuku, mtoto wa Kiambu hii hii, alipoanza kupiga kelele juu ya kipande, kodi na kukatwa mishahara, walimkamata Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokuja kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Kwa hivyo mfalme mwenye joka mkononi alikuwa mtu wa heshima, uso wake uko kwenye sarafu. Baba ya guka yangu, ambaye hakuwa na tone la wino kwa mwili, alitembea na chuma shingoni ili asomwe na kila askari. Nikiambiwa tatoo ni shida ya wino, huwa nakumbuka hiyo picha. Wino haujawahi kuwa shida. Swali limekuwa daima ni mkono wa nani.

Na kabla hamjaniambia tatoo ni mambo ya wazungu. Kiswahili kina neno lake la zamani: chale. Kuchanja chale ni kukata ngozi kidogo na kupaka dawa, masizi au majivu. Wamakonde, wale wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walichanja nyuso zao mistari na pembe za ustadi mkubwa, wakasugua unga wa mkaa ndani. Wengine wao waliletwa Kenya kufanya kazi ya mkonge na miwa, wakaishi Pwani miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la arubaini na tatu. Hebu fikiria hiyo kejeli. Wazee wenye kitambulisho cha kudumu usoni, na serikali inawauliza, nyinyi ni nani?

Kanisani mnajua nini kitasomwa. Walawi kumi na tisa, mstari wa ishirini na nane. Sawa, upo, na unakataza alama mwilini, pamoja na kujikata kwa ajili ya wafu. Lakini mstari ulio juu yake, wa ishirini na saba, unakataza kunyoa pembeni mwa kichwa na kuharibu pembe za ndevu. Sijawahi kuona shemasi akisimama mlangoni mwa kinyozi. Wakristo wa Kikopti kule Misri huchorwa msalaba mdogo ndani ya kiwiko cha mkono wa kulia tangu utotoni. Akina mama wengi wa Orthodox wa Ethiopia wana msalaba kwenye paji la uso. Hao si wapagani, walikuwa Wakristo karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza kufika Kiambu. Sisemi mchungaji wako amekosea imani. Nasema anachagua mstari.

Tukitoka hapo, kuna lile swali ambalo kila msee huniuliza: lakini si kweli wezi wengi wana tatoo?

Nitajibu kwa jaribio moja. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Hamilton na Robert Gifford, waliwapa watu sentensi 39 kuhusu makundi mawili ya kubuni, kundi A na kundi B. Kundi A lilikuwa kubwa: sentensi 26, kati yake 18 za mambo mazuri na 8 za mabaya. Kundi B lilikuwa dogo: sentensi 13, 9 nzuri na 4 mbaya. Piga hesabu. Uwiano ni ule ule. Hakuna kundi baya kuliko lingine. Lakini watu walipoulizwa baadaye, walikumbuka kundi B kuwa na mabaya mengi kuliko yaliyokuwepo. Kwa nini? Kwa sababu kundi dogo ni nadra, na mabaya ni nadra, na vitu viwili vya nadra vikikutana vinashika akilini kama upupu. Ubongo unavifunga pamoja.

Sasa peleka hiyo kwa stage ya Ruiru. Watu mia wamepita wakiwa na shati safi, kumi kati yao wakora. Hakuna anayekumbuka shati. Amepita mmoja mwenye tatoo shingoni akanyakua simu. Hiyo tatoo utaisimulia mpaka kwa wajukuu. Na hapa hakuna uongo wa makusudi, hicho ndicho kinachonitisha. Yule mzee wa duka huenda ni mtu mzuri kabisa. Huenda aliibiwa mara moja.

Lakini kuna wakati hiyo hesabu mbaya ya ubongo inapewa bunduki. Mwaka 2007 nilikuwa mdogo sana, hii stori ni ya mjomba wangu. Alikuwa kondakta ruti ya Thika, na alikuwa na rasta ndefu, alizifuga miaka sita. Februari 18 mwaka huo, miaka hamsini kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe Kamiti, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Amesimama na bunduki na rasta zake za msituni, viongozi wanapiga makofi. Mjomba alienda kupiga picha pale. Kufika Juni, msako wa Mungiki ulikuwa umepamba moto, Mathare ikawa kama vita, na rasta kichwani mwa kijana wa Kikuyu ikawa sawa na kukiri kosa. Mjomba alinyoa usiku, kwa wembe, nyumbani, kwa sababu aliogopa hata kutembea mpaka kwa kinyozi. Miezi minne tu. Nywele zile zile. Za shaba ni shujaa, za kondakta ni genge.

Na angalau rasta zina mahakama. Septemba 2019 Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake alionewa, kwa kuwa nywele zile ni sehemu ya imani yake. Mimi na buni zangu saba siwezi kwenda kwa jaji na imani. Sina. Nina guka tu.

Kitu kingine ambacho hunichekesha: nganya. Gari likichorwa mwili mzima, sura za wanamuziki, moto, mafuvu, tunaacha gari tupu lisilo na rangi tunangoja hilo, na tunalipa zaidi. Dereva wake akichorwa hata jina la mtoto wake, tunashika mifuko.

Mwezi wa nane tulienda mazishi upande wa Gatundu. Mathe alinionya kabla hata hatujafika barabarani: mikono mirefu. Nikavaa. Jua la saa saba, nimefunga mpaka kifungo cha mwisho, nilichemka kama githeri. Baada ya chakula nilitumwa kumpelekea chai dada mdogo wa mama ya shosho. Amepita miaka tisini, hasikii vizuri, na mwaka mzima hufunga kitambaa kichwani kikishuka mpaka mashavuni. Nikiinama kumpa kikombe, mkono wa shati ukavutika. Akanishika. Nikajua nimekwisha, ataita watu.

Akasukuma shati juu, akapitisha kidole kwenye lile tawi. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni kahawa, ni ya guka. Akauliza, "Ilikuuma?" Nikasema kidogo. Ndipo akainua kitambaa. Sikuwa nimewahi kuona masikio yake, maisha yangu yote. Ndewe zimevutwa zikalegea, zinafika karibu na taya, tundu linapitisha vidole viwili. Wasichana wa wakati wake walitogwa, wakapanuliwa polepole kwa vijiti, kisha wakavaa hang'i, zile pete kubwa za shanga. Alisema yake iliuma zaidi, ilitoka usaha wiki nzima, na alijivunia sana. Halafu akasoma, akabatizwa, na mwalimu wa dini akamwambia masikio yale ni ya washenzi. Amefunga kitambaa tangu hapo. Zaidi ya miaka sabini.

Akashusha kitambaa, akanywa chai yake.

Nilipokuwa narudisha kikombe niliwaza kwamba sisi wawili tulikuwa tumevaa nguo ya aina moja siku hiyo.

Na sasa kitu ambacho sikutaka kuandika, lakini ningekificha ningekuwa nadanganya. Kuna jaribio lingine, la mwaka 1980, la Robert Kleck na Angelo Strenta. Walichora watu kovu bandia usoni, wakawaonyesha kwa kioo, kisha wakasema wanapaka mafuta ili lisipasuke. Kumbe walikuwa wanalifuta. Wakawapeleka kuongea na mtu mwingine wakiwa na uso safi kabisa, wao hawajui. Walipotoka wakasema yule mtu aliwatazama vibaya, aliona kovu, alikosa raha. Kovu ambalo halikuwepo.

Nimesoma hiyo mara tatu. Kwa sababu nilikuwa na hakika juu ya macho ya yule mzee. Niliyaona yakishuka. Lakini pia nilikuwa nimempa kalamu mkononi, na mtu akiandika, si ni kawaida kumwangalia mkono? Labda kazi alimpa mpwa wake. Labda hakupenda kwamba sikumaliza chuo na alijua kuficha. Huo ndio ubaya wa hii kitu: baada ya kuchekiwa vya kutosha huwezi tena kujua ni lini umechekiwa. Shosho alifunga kitambaa hata mbele ya vitukuu ambao wangeenda kujionyesha kwa marafiki kwamba wana bibi mwenye masikio kama yale.

Simtetei mzee. Wapo wanaokataa watu kwa wino waziwazi, wengine wamekuja kwa ujumbe wangu na stori zao, na hizo si za kubuni. Nasema tu kwamba ya kwangu siwezi kuapa.

Sasa vua saa, au kunja shati. Kama ulizaliwa hospitali Kenya, angalia mkono wako wa kushoto, nje, kati ya kiwiko na kiganja. Kile kidoa cha duara kilichobonyea. Ni chanjo ya kifua kikuu, ulichomwa ukiwa na siku chache, na serikali, bila kuulizwa. Kuchanja chale, kuchanja chanjo: ni kitenzi kimoja. Jirani zetu Waganda hudungwa juu, karibu na bega, ndiyo maana wasafiri huwa na ule utani wa kumtambua Mkenya kwa mkono wake. Mwenye duka anacho. Mathe anacho. Mchungaji anacho. Hakuna aliyewahi kukosa kazi kwa sababu hiyo.

Alhamisi nina mahojiano mengine, upande wa Juja, duka kubwa kidogo kuliko lile. Mathe amenipigia pasi shati tayari, la mikono mirefu, limetundikwa mlangoni. Utabiri unasema jua kali. Bado sijaamua.